Kulinda nyumba usiku mu Goma: kitu gani kikae karibu na kitanda, na bunduki ya kazi ifungwe namna gani

Ndugu yangu wa Ndosho, wa Mugunga, wa Katoyi, wa Majengo, wewe mwenye unasikia masasi usiku na umeanza kujisemea eti bora na mimi nitafute kachuma (bunduki) nikaweke chini ya matela, hii ni yako. Sikulaumu hata kidogo. Tangu Januari 2025, wakati M23 iliingia Goma, silaha zilibakia hovyo mu mji, kisha mabenki yakafunga milango, batu bakarudilia kulala na dola zao mu nyumba, na bajambazi banajua hiyo vizuri sana. Kila baba mwenye batoto anajiuliza usiku: bakivunja mlango nitafanya nini?

Jibu langu ni hili: tafuta dakika. Kati ya ile saa jambazi anagusa lupango (uzio) lwako na ile saa anasimama mbele ya kitanda, unahitaji dakika tano, kumi kama inawezekana, za kuamsha batu na kuficha batoto. Yote nitasema huku chini ni ya kununua hizo dakika.

Tuanze na bunduki yenyewe juu njo ulikujia. Sheria ya Congo ya silaha ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia hana ruhusa ya kukaa na silaha bila karatasi ya serikali. Kalashi nayo ni silaha ya vita, hiyo usitafute hata karatasi yake, na kesi yake inakupeleka mbele ya mahakama ya kijeshi hata kama kazi yako ni kuuza makala. Na kuachana na sheria, fikiria siku ya buklaje (musako wa nyumba kwa nyumba): bale banapekua nyumba bakikuta bunduki chini ya kitanda habatakuuliza kama ilikuwa ya kujikinga na bezi, banakuhesabu kama mupiganaji, na mara nyingine ni kijana wako njo anabebwa.

Halafu angalia nyumba zetu. Batu wengi tunakaa mu mbao na mabati juu ya mawe ya volkano. Risasi ya kalashi inatoka na mwendo wa karibu metre 700 kwa sekonde moja, mbao ya kwako haiisimamishi, inapita, inaingia kwa jirani, inapita na mbao yake, na pale njo batoto bake balilala. Ukipiga chini nayo, jiwe la volkano linaweza kuirudisha upande wenye hukujua. Na kuko giza, na vyoo vyetu viko inje, kwa hiyo mutu mwenye anatembea mu parseli saa nane ya usiku anaweza kuwa mwana wako alitoka kujisaidia. Kwa bajambazi wenyewe, banakuja wengi, bakisikia kuko silaha ndani banaanza kupiga masasi mbele ya kuingia, na ile bunduki njo kitu cha kwanza batachukua.

Marekani, kwenye raia banaruhusiwa, hesabu iliisha kufanywa. Watafiti balifuata batu balipigwa risasi mu miji tatu, Memphis, Seattle na Galveston, bakatoa majibu mu 1998: kwa kila mara moja bunduki ya nyumbani ilitumika kujikinga kwa haki, kulikuwa mara 4 za risasi ya bahati mbaya, mara 7 za kushambuliana ao kuuana, na mara 11 za mutu kujiua ao kujaribu kujiua. Na kule kuko makofri madogo ya kufunguka na kidole, kuko polisi wa kufika mbio, kuko ambulansi. Weka hiyo hesabu mu Goma uone.

Basi, dakika zinanunuliwa wapi? Ku mlango kwanza. Mlango wa mbao wenye kadena (kufuli) moja ya inje hausaidii mutu mwenye analala ndani. Ita fundi wa kusudeya akuwekee bar mbili za chuma zenye zinapita ndani ya mlango kwa upana, moja juu kidogo ya goti, ingine ku kifua, na zishike ku nguzo zenyewe, si ku mbao ya fremu juu hiyo inapasuka na teke la kwanza. Angalia na bawaba: kama misumari yake inaonekana inje, jambazi anaitosha na anaondoa mlango muzima bila kugusa kufuli. Kisha zunguka nyumba muchana, sukuma kila mbao ya ukuta na mukono, haswa nyuma, upande wa jikoni na upande wenye kitanda kiko, juu bezi ba huku mara nyingi mlango habashuulike nao, banang'oa mbao mbili ao banapasua kibati. Mbao yenye inacheza piga misumari mirefu kutoka ndani, ama weka kipande cha mabati nyuma yake. Kama uko na pesa kidogo, fanya chumba kimoja tu kikuwe na nguvu, chenye batoto banalala, mlango wake na bar yake. Chumba kimoja chenye nguvu kinapita nyumba nzima yenye nguvu nusu nusu.

Kwa lupango, mawe ya volkano tuko nayo bure karibu, na ukuta wa mawe makavu uko na faida moja batu habafikirie: mutu akipanda mawe yanaporomoka na yanapiga makelele. Usimalize pesa kwa kuweka sima juu yote. Kata miti yenye inaegemea lupango, na usiache ngazi inje.

Mwangaza. Umeme ukikatika giza ni la jambazi, kwa hiyo nunua zile lampu za jua zenye zinawaka zenyewe mutu akipita, ziko ku soko Virunga na ku maduka ya Birere, weka moja ku mlango na ingine nyuma ya nyumba, juu sana mukono usifikie. Ndani ya nyumba acha giza. Wewe unapaswa kumuona, yeye asikuone.

Sasa, kitu cha kukaa karibu na kitanda kila usiku, mahali pamoja pasipobadilika, mukono uipate na macho yamefungwa: simu yenye chaji na yuniti, torshi yenye nguvu, filimbi, na viatu. Viatu batu wengi banasahau, lakini kukimbia peku juu ya mawe ya Goma ni kujikata miguu. Mu simu weka namba za jirani batatu, ya shefu wa nyumba kumi na ya shefu wa avenyi ku mwanzo wa listi, weka herufi A mbele ya kila jina zikuje juu, juu mikono ikitetemeka hutaweza kutafuta. Filimbi nayo kila mutu mukubwa akuwe na yake, hata mama mukwe mwenye analala chumba cha nyuma.

Na filimbi bila mapatano ni makelele tu. Kaa na bajirani, nyumba kumi, muelewane: filimbi tatu ndefu ni bezi, nyumba ya karibu inajibu na filimbi, ya tatu inapiga masufuria, na hakuna mutu anatoka peke yake. Makelele ya avenyi nzima inafukuza bajambazi kupita kijana mumoja mwenye panga, juu bao habataki kuonekana sura wala kuzibiwa njia. Muelewane pia mukishika mutu hamumuchome wala kumupiga mawe. Mu hii mji balishaua batu benye habakufanya kitu, kwa kosa la mwengine, kisha ndugu za ule aliuawa banarudi na silaha na avenyi yote inakosa usingizi.

Bakigonga na kusema “fungueni, sisi ni batu ba usalama”, usikae kimya na usifungue mbio. Jibu kwa sauti kubwa ukiwa pembeni ya mlango, hapana nyuma yake, sema unavaa, na wakati ule ule bibi anapigia shefu wa avenyi na bajirani. Uliza majina, uliza banatafuta nani. Kama ni kazi ya kweli, mara nyingi shefu anajulishwa. Kama banaanza kuvunja, filimbi.

Batoto bajue mahali pao. Nyumba nyingi za mbao ziko na fondasyo ya mawe yenye inapanda kidogo juu ya sakafu. Nyuma ya ile mawe, kulala kifudifudi kabisa chini, njo mahali pazuri kwenye risasi haitafika kwa urahisi. Hapana chini ya kitanda, hapana nyuma ya kabati, mbao haizuii kitu. Bafundishe muchana, kama muchezo, mpaka mutoto wa miaka minne asikie neno lenu moja na aanguke pale bila kulia.

Na bakisha kuingia? Pesa. Weka kiasi kidogo mahali pamoja pa rahisi kupatikana, ingine igawanye, na yenye inaweza kukaa mu simu ikae mu simu. Unatoa ile kidogo, mikono inaonekana, hauwaangalie mu macho, hausemi “nakujua wewe mwana wa fulani”. Hiyo sentensi imeua batu.

Lakini kuko nyumba zenye bunduki iko tayari, juu baba ni askari, polisi, ao mulinzi wa mbuga, na anarudi nayo ku nyumba ya kupanga yenye chumba mbili. Hapa bibi wa nyumba uko na haki ya kusema, tena sema. Njia nzuri ni ibakie ku kazi, mu depo. Kama haiwezekani, iingie ndani ikiwa tupu: inje ya chumba cha batoto, mutomo wa bunduki ukielekea mu mufuko uliojaa muchanga (hapana ku jiwe), kidole mbali na kifyatulio, unatoa kwanza shargeri (kile kikopo cha masasi), kisha unavuta nyuma kile kichuma cha kupakia na unaangalia mu shimo na macho, unaingiza na kidole, juu ile risasi moja yenye inabakia ndani kisha shargeri kutoka njo inaua batoto. Mutu anaona shargeri iko pembeni anafikiri imeisha.

Kisha inafungwa. Nyororo ao kamba ya chuma inapita mahali pa shargeri na inatokea juu, kadena, halafu ndani ya sanduku la chuma lenye limefungwa na bulo ku sakafu ao ku nguzo. Masasi mu kisanduku kingine, chumba kingine, na funguo zinakaa ku mwili wa mwenye silaha, shingoni, usiku na muchana. Hapana juu ya kabati, hapana mu jagi ya sebule. Batoto banajua kila mahali unaficha, banajua mbele yako. Mu 2001 badaktari ba batoto ba Marekani balitoa majibu ya jaribio: batoto banaume 64, miaka 8 mpaka 12, baliachwa mu vikundi 29 ndani ya chumba chenye bastola ya kweli bila masasi mu droo. Vikundi 21 biliipata, 16 biliishika, mu 10 kulikuwa mwenye alivuta kabisa kifyatulio. Na karibu bote bale baliishika balikuwa balishafundishwa mambo ya silaha. Kwa hiyo kumuambia mutoto “usiguse” haitoshi, kadena njo inatosha. Utaniambia ikifungwa hivyo haitamusaidia baba usiku. Ndiyo, na ni sawa: ile bunduki ni ya kazi, usiku kuko bar, filimbi na bajirani kama kwa bengine. Na kama baba anakunywa, ao alirudi ku front na usingizi hauji, anaongea maneno ya kufa, ile bunduki ilale kwa komanda wake, ongea na mutu mwenye anamuheshimu leo leo.

Silaha yenye mutoto ameokota, grenade, masasi ya kutu, usipokee mu mukono na usiweke mu nyumba eti utapeleka kesho. Kama iko chini ibakie chini, zungusha mawe ao matawi mbali kidogo ili ionekane, simamisha mutu mukubwa wa kufukuza batoto, julisha shefu wa avenyi aite batu ba kutegua mabomu. Uwambie batoto haitauzwa kama vyuma vya zamani.

Na mutu akipigwa risasi, usimupe maji, usitafute kuitoa. Kandamiza kidonda na kitambaa safi na uzito wa mwili wako wote, usiinue inue kuangalia. Damu ya mukono ao mguu ikiruka na haikubali kusimama, funga garo (kifungo cha kuzuia damu) ya kitambaa kipana kati ya kidonda na kiwiliwili, hapana ku goti wala ku kiwiko, kaza na kijiti mpaka damu isimame, na usiilegeze tena. Andika saa yenye ulifunga ku paji la uso lake na kalamu. Hospitali ya CBCA Ndosho balizoea majeruhi ba risasi tangu myaka, mupeleke kule ama hospitali ya karibu zaidi, na kitu cha kwanza kumuambia daktari ni ile saa.