Kufanyia matengenezo breka kubwa ya hewa kwenye kiwanda cha alizeti

Hapa Dodoma, breka kubwa ya meni (ACB, swichi kuu inayokata umeme wa kiwanda kizima) huharibiwa zaidi na vumbi na grisi iliyokauka kuliko umeme wenyewe. Inakaa imewashwa miezi mingi bila kuguswa, grisi inageuka gundi, na siku ya shoti inachelewa kukata. Kwa hiyo mimi naanza na springi na vyuma vinavyoisukuma, kontakti (vipande vinavyogusana kupitisha umeme) baadaye. Fanya kazi hii kabla ya mavuno, maana mashine zikianza kukamua hakuna mwenye kiwanda atakayekubali uzime.

Hatua ya 1. Punguza mizigo, zima breka, kisha zungusha mpini wa kuitoa hadi alama ya kutengwa. Ikigoma kutoka usiilazimishe: breka hizi zimeundwa zisitoke zikiwa zimewashwa. Weka kufuli na tagi. Kumbuka, breka imetoka lakini meno ya upande wa transfoma, yale breka inayoshika kule nyuma ya kabati, bado yana volti 400. Kama lazima uguse huko, umeme ukatwe huko juu kwenye transfoma, nawe upime kwa testa.

Hatua ya 2. Ondoa nguvu kwenye springi ya kuwashia breka. Kata kwanza umeme wa mota ndogo inayoikaza, la sivyo itaikaza tena. Bonyeza kuwasha, kisha kuzima, mpaka alama ionyeshe springi imelegea. Springi hiyo inavunja vidole, haijali una leseni ya ufundi umeme ya EWURA au huna.

Hatua ya 3. Nyonya vumbi kwa mashine, usipulize kwa kompresa. Ukipuliza unalisukuma ndani zaidi. Futa grisi ya zamani yote, upake kidogo ile aliyoitaja mtengenezaji. Ile dawa ya kopo ya kulegeza nati iache kwenye pikipiki: inayeyusha grisi, inakauka, na vyuma vinabaki vikavu.

Hatua ya 4. Fungua maboksi ya kuzimia cheche. Lililopasuka badilisha. Kontakti ni za aina mbili: za cheche hugusana kwanza na kuachana mwisho, hivyo kuungua kidogo ni kazi yake. Kontakti kuu za fedha zikiwa nyeusi tu, usizipige tupa.

Hatua ya 5. Breka ikiwa bado nje, haina umeme, lakini imewekwa kwenye kuwashwa ili kontakti zigusane, pima ukinzani wa kontakti kwa mikro-omita, ulinganishe fezi tatu. Moja ikizidi ile ya chini kabisa kwa zaidi ya nusu, tafuta sababu. Kisha mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 1000 kwa dakika moja: fezi kwa fezi, fezi kwa bodi, na juu kwa chini breka ikiwa imezimwa. Kifaa cha kielektroniki cha kukatia kichomoe kwanza.

Hatua ya 6. Piga picha mipangilio ya kifaa hicho kabla ya kuibadilisha. Nimekuta vingi vimepandishwa hadi mwisho kwa sababu mota ya mashine ilikuwa ikikata breka kila ikianza. Hapo tatizo ni mota au uanzishaji wake. Kichomeke tena, rudisha mipangilio iliyo kwenye mchoro wa umeme wa kiwanda, peleka breka kwenye nafasi ya majaribio (inafanya kazi lakini haijashika meno ya umeme mkubwa), washa na uzime mara kadhaa, na uikatishe kwa kifaa chenyewe. Ikikata bila kusita, iingize mlango ukiwa umefungwa, simama pembeni, washa bila mzigo, kisha rudisha mashine mojamoja.