Kupiga picha za nywele kwa filta ya polaraiza: nyeusi, za hina na mvi

Mng'ao wa nywele nyeusi karibu wote hutoka kwenye magamba ya juu ya unywele. Filta ya polaraiza ikiwekwa mbele ya taa hupitisha mwanga uliopolaraizwa tu, yaani mawimbi yake yanatikisika upande mmoja. Ukigonga magamba hayo, hurudi ukiwa bado na upande uleule. Unaopenya ndani hutawanyika na kupoteza upande wake. Kwenye nywele nyeusi, melanini huumeza kabla haujatoka. Kwenye mvi melanini haipo, hivyo hutoka kwa wingi.

Tafuta taa ya LED (balbu ya moto huharibu filta), kamera yenye "manual" (unapanga mwenyewe mwanga wa picha), stendi, filta ya polaraiza ya lenzi na karatasi ya polaraiza ya kufunika taa. Ukikosa karatasi, waulize mafundi wa elektroniki wa Luthuli Avenue, Nairobi, skrini ya LCD iliyovunjika, uibandue taratibu na kufuta gundi yote. Kama taa ina kitambaa au plastiki ya kulainisha mwanga, karatasi ikae mbele yake. Ikikaa nyuma, kazi yote imeharibika.

Nywele zioshwe, zikauke, zisipakwe mafuta, kwa sababu mafuta huongeza mng'ao wa juu na utapima mafuta badala ya rangi. Zima taa nyingine, funga pazia. Taa isikae mbali na kamera: pembe kati yake isizidi nyuzi 20 au 30.

Weka kijiko cha chuma kando ya nywele. Zungusha filta ya lenzi hadi mng'ao wa taa kwenye kijiko uzimike. Hapo filta zimepishana, yaani ya lenzi inazuia upande uleule unaopitishwa na ya taa. Piga. Zungusha nyuzi 90, piga tena bila kugusa mipangilio. Tumia RAW (faili ghafi ya kamera), na kabla ya kuanza ongeza muda wa kupokea mwanga au ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), maana filta hizi mbili hula mwanga mwingi.

Picha iliyopishana huonyesha rangi ya ndani: nyeusi hubaki giza tupu, hina hukolea wekundu, mvi hubaki nyeupe. Ukiitoa picha hiyo kwenye ile nyingine kwa kompyuta, unabaki na mng'ao pekee.

Nywele za kipilipili zina taabu yake. Kila kipindo kinaelekea kwake, na penye mlalo mkali mng'ao hugeuza upande wake, hivyo nukta chache hazizimiki hata ufanye nini. Sogeza taa karibu zaidi na lenzi, zitapungua. Rasta za bandia usizichanganye na nywele halisi: ni plastiki, na huupindua mwanga kwa namna yake.