Swichi ya kukanyaga yenye taa, kwa ampu ya gitaa

Hii inafaa ampu inayobadili chaneli (mpangilio wa sauti) pale waya mbili za jeki (tundu la kuchomekea swichi) zinapogusanishwa. Hakikisha kwanza kwenye kijitabu chake. Tafuta swichi ya pini 6, safu mbili za pini tatu, inayoshika ukikanyaga na kuachia ukikanyaga tena. Safu ya kwanza: lehemu waya mmoja wa jeki pini ya kati, wa pili pini ya pembeni. Basi.

Safu ya pili ni ya taa tu: betri ya volti 9, rezista (kipunguza mkondo wa umeme) ya ohm 2,200 na LED (kitaa kidogo) nyekundu, mguu wake mrefu upande wa chanya, vyote kwa mfuatano kupitia pini ya kati na ya pembeni. Inakula kama miliampea 3. Saketi hizi zisigusane kabisa.

Boksi liwe la alumini. La plastiki mimi sitaki hata kulisikia, mpiga gitaa akipandwa na mzuka hukanyaga kweli! Tundu la taa toboa mbele ya swichi, kiatu kisiifunike.