Namna ya kuchora revolva ndogo na bunduki ya rubani mu bede bila kukosea

Bandugu benye kuchora bede (hadithi za picha) hapa Lubumbashi, kila siku ya posho (Jumamosi) nakaa na batoto kwetu Katuba tunachora, na kitu yenye kuniumiza sana ni silaha. Mutoto anachora uso muzuri, mikono mizuri, kisha mu mukono anaweka chuma yenye haiko revolva haiko pistole, na hadithi yote inaanguka pale pale.

Kwa revolva, kwanza uache mtutu. Anza na silinda, ile chuma ya kuzunguka yenye kubeba risasi, chora duara yake vile ungeiona kwa mbele, ugawe mashimo. Revolva kubwa mara mingi iko na mashimo 6, ya mfuko 5, maana ukitoa shimo moja silinda inapungua unene na silaha inafichika chini ya koti. Sasa angalia vizuri: ukiwa na 6, chini kabisa ya shimo la juu kuna shimo ingine, lakini ukiwa na 5, chini kuna chuma tupu katikati ya mashimo mawili. Mwenye kujua anaona hii mbele ya kitu yote. Na usichore maganda ya risasi yakiruka hewani! Revolva haitupi maganda, yanabakia ndani ya silinda mpaka mutu aifungue ayatoe.

Kisha ujiulize hadithi yako iko mwaka gani, hapa njo bengi banaanguka. Samuel Colt alipata hati yake ya uvumbuzi Marekani 1836, na revolva yake ya kwanza trigga inajificha, inatoka tu ukivuta nyundo nyuma. 1872 Webley wa Uingereza akatoa Bull Dog, mtutu mufupi wa sentimita sita na kitu, mashimo 5, na mafundi ba Ubelgiji bakaiga sana. Ya namna ile njo ilipiga Rais Garfield wa Marekani 1881. Mimi napenda zaidi Velodog ya Galand, Mufaransa, juu ilitengenezwa kwa batu ba baiskeli benye kufukuzwa na imbwa (bale benye kubeba makala na baiskeli kuingia mu muji bataelewa haraka): risasi nyembamba, nyundo mara mingi imefichwa, trigga inajikunja ili isishike nguo. Colt Detective Special ni ya 1927, mashimo 6, mtutu wa sentimita tano. Chiefs Special ya Smith & Wesson ni ya 1950, mashimo 5. Kwa hiyo hadithi ya Élisabethville (Lubumbashi ya zamani) ya 1935 inaweza kuwa na ile ya Colt, hii ingine hapana, ilikuwa haiyazaliwa. Na kama mutu wako anafungua silinda, kwa Colt kidole kinavuta kile kifungo nyuma, kwa Smith & Wesson kinasukuma mbele.

Bunduki ya kujiokoa, yenye rubani anabeba kama ndege ikianguka mu pori, uichore kwa kuanzia mufuko wake, juu nafasi njo ilipanga umbo yote. M6 ya jeshi la anga la Marekani, ya miaka ya 1950, iko na mitutu miwili, moja juu ya ingine, inajikunja katikati, na pa trigga kuna chuma ndefu ya kubana na vidole vyote, maana rubani anaweza kuwa na glavu na baridi imemushika. Usiiwekee trigga ya kawaida. AR-7 ya ArmaLite, 1959, kazi ya Eugene Stoner, vipande vyake vyote vinaingia ndani ya kitako cha plastiki na inaelea juu ya maji, kwa hiyo kitako chora kinene, kimenona, batoto banakichora chembamba na haiwezekani mtutu uingie mule.

Barusi njo balifika mbali. 1965 banaanga babo Leonov na Belyayev balitua wakitoka angani mu pori la theluji karibu na Perm, mbali na pale balingojewa, kule kwenye mbwa mwitu na dubu. Juu ya hatari ya namna ile, toka 1986 mpaka miaka ya 2000 banaanga balikuwa banabeba bunduki TP-82, mitutu 3, miwili sambamba juu na moja chini, na kitako kinatoka kinakuwa panga.

Kazi ya posho ijayo: vyumba 3 (picha 3 za bede) vya AR-7, rubani anafungua kifuniko cha kitako, anatoa mtutu, anauunganisha. Krayo kwanza, wino nyuma, na kidole kikae inje ya trigga mu vyumba vyote 3.