Fungasha Java pamoja na programu yako

Programu yangu ya kuhesabu mali ya duka niliijenga kwa Java 17. Kwenye kompyuta ya shangazi ilikuwamo Java 8, ikagoma: faili ni toleo la 61.0, mashine inatambua mwisho 52.0. Namba hizo ndizo Java 17 na Java 8.

Tafadhali usimwambie mwenye duka abadilishe Java yake. Shangazi ana programu ya risiti inayoitegemea ile ya zamani, na bila risiti hauzi. Mpelekee programu iliyobeba Java yake yenyewe.

Kifaa ni jpackage, kilichokamilika katika JDK 16 (JDK ni zana za kutengenezea programu za Java) mwaka 2021. Weka JAR, yaani faili la programu yako ya Java, na maktaba zake zote kwenye folda moja, yangu naiita kazi, kisha andika:

jpackage --type app-image --name Duka --input kazi --main-jar duka.jar --main-class duka.Anza

Hapo duka.Anza ni klasi inayoanzisha programu yangu. Kwenye Windows utapata folda yenye Duka.exe na Java ndani yake. Nakili folda nzima kwenye flashi, si ile exe peke yake.

Ya Windows ifungashe ukiwa kwenye Windows, ya Linux kwenye Linux. Hakuna njia ya mkato.

Ukipunguza ukubwa kwa --add-modules, yaani kubeba moduli (vipande vya Java) unazozitaja tu, zana ya JDK iitwayo jdeps itakutajia moduli zinazohitajika, ila haioni zinazoitwa programu ikiwa tayari inaendeshwa. Yangu ilikataa HTTPS, muunganisho salama wa mtandao, mpaka nilipoongeza moduli ya jdk.crypto.ec. Kwa hiyo ijaribu kwenye kompyuta isiyo na Java kabisa, ubonyeze kila kitufe, kabla hujaipeleka dukani.