Kumpeleka kwa Bingwa Mtoto Mwenye Polipi za Kurithi: Mwongozo kwa Mzazi wa Mombasa

Mtoto anapoonekana na damu katika choo, nyumba nyingi za Mombasa huwaza kwanza amiba na minyoo, na si kosa kuanzia hapo. Hata polipi, yaani kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ikiwa ni moja tu kwa mtoto wa kati ya miaka 2 na 10, kwa kawaida si ugonjwa wa kurithi: huondolewa, hupimwa maabara, na mambo yakaishia hapo. Mwongozo huu unamhusu mtoto mwenye polipi nyingi, au ambaye katika ukoo wake yuko mtu aliyekatwa utumbo mpana au aliyefariki kwa saratani ya utumbo angali kijana.

Kazi huanzia nyumbani. Kaa na bibi na babu wa pande zote mbili, uandike vizazi vitatu: nani aliugua, akiwa na umri gani, na alifanyiwa upasuaji wa nini. Usitosheke na jibu la kwamba marehemu "alikuwa na tumbo", kwani kwetu maradhi ya sehemu hizo husitiriwa kwa haya, na huenda neno hilo moja likawa limefunika saratani. Mzazi mwenye ugonjwa wa polipi za kurithi humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Hata hivyo, ukoo usio na historia yoyote haumwondolei mtoto shaka, kwa kuwa katika ugonjwa uitwao FAP, ambao huotesha polipi nyingi sana kwenye utumbo mpana, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne ndiye wa kwanza katika familia yake.

Mtazame pia mtoto mwenyewe. Madoa meusi au ya kahawia kwenye midomo, ndani ya mashavu na kwenye vidole ni dalili ya ugonjwa wa Peutz-Jeghers, aina nyingine ya polipi za kurithi; yale ya midomoni huweza kufifia baada ya kubalehe, kwa hiyo yapige picha mapema. Katika ugonjwa huu hatari kubwa ya utotoni si saratani, bali ni polipi kuuvuta utumbo mwembamba ukajiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa kanzu unaporudi ndani. Mtoto akishikwa na maumivu makali yanayokuja na kuondoka, akatapika nyongo ya kijani au tumbo likavimba, usingojee miadi ya bingwa. Mkimbize idara ya dharura usiku huohuo, ukawatajie jina la ugonjwa.

Kwa safari ya kawaida, anzia kwa daktari bingwa wa watoto, mathalani katika hospitali ya rufaa ya Coast General, umwombe barua ya kwenda kwa bingwa wa tumbo la watoto, ambaye huenda ukalazimika kumfuata Nairobi. Beba jedwali la ukoo, vipimo vya damu, na nakala ya ripoti ya maabara ya kila polipi iliyowahi kutolewa, kwa sababu ripoti hiyo ndiyo inayotofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Ulizia mapema SHA (mamlaka ya serikali ya bima ya afya) au bima yako italipia nini, na jibu ulipate kwa maandishi.

Muulize bingwa uchunguzi wa kamera, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kuutazama utumbo kwa ndani, uanze lini. Kwa mujibu wa miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019, mtoto asiye na dalili mwenye Peutz-Jeghers huanza kuchunguzwa akiwa na miaka 8, na mwenye FAP kati ya miaka 12 na 14; damu chooni au upungufu wa damu huufanya uanze mapema zaidi. Utumbo mpana wenye FAP usipoondolewa huishia kwenye saratani karibu kwa kila mgonjwa, ila kwa kawaida ni katika utu uzima, hivyo upo muda wa kupanga upasuaji kwa utulivu pamoja na mtoto.

Siku ya kusafisha tumbo kabla ya uchunguzi wa kamera, mfikishe Nairobi kwanza. Dawa ya kuharisha anayopewa haifai kunywewa ndani ya treni ya Miritini. Hupewa vinywaji vyepesi tu, kama chai ya mkandaa au maji ya madafu yasiyo na nyama, wala si sharubati nyekundu, ambayo kwenye kamera hufanana na damu. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa takriban wiki moja kabla, kwa idhini ya daktari.

Kipimo cha vinasaba kikigundua kasoro kwa mgonjwa, omba nakala yake, maana ndiyo itakayotumika kuwapima ndugu zake. Ndugu atakayeonekana hana kasoro hiyo hahitaji kuchunguzwa kwa kamera mwaka baada ya mwaka.