Somo: Kupanga ndoa ya kihumanisti Scotland, kuanzia fomu M10 hadi viapo

Scotland imeitambua ndoa ya kihumanisti, yaani isiyo ya dini yoyote, kuwa ndoa halali tangu 2005. Mfungishaji aliyeidhinishwa, kwa mfano wa chama cha wahumanisti cha Humanist Society Scotland, anaweza kuwafungisha ukumbini, ufukweni au bustanini kwa shangazi. England na Wales mambo si hayo: huko sherehe ya kihumanisti peke yake haiwafanyi mume na mke, lazima mwandikishe ndoa ya serikali kando. Kwa hiyo kwanza hakikisheni mko upande upi wa mpaka.

Hatua ya 1: Mfungishaji kabla ya ukumbi. Wikendi za Juni hadi Agosti huwahi kujaa. Pateni tarehe yake ndipo mlipie ukumbi.

Hatua ya 2: Karatasi. Hapa ndipo wengi hukwama. Kila mmoja anajaza fomu yake ya M10, yaani ilani ya ndoa, na zote mbili zinakwenda kwa msajili wa eneo ambalo ndoa itafungwa, si la mnakoishi. Zipokelewe ndani ya miezi 3 kabla ya siku yenyewe, na zisipungue siku 29. Pelekeni wiki 10 hadi 12 kabla, ili cheti kikikosekana mpate muda wa kukitafuta. Ambatanisheni vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, na hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wa zamani kama yupo. Hati isiyo ya Kiingereza iende na tafsiri iliyothibitishwa.

Anayekuja kutoka Kenya au Tanzania kwa ajili ya ndoa na kurudi anahitaji viza ya mgeni wa ndoa. Viza ya kawaida ya matembezi haimruhusu kuoa wala kuolewa. Pia aombe nyumbani, mapema, cheti cha kuthibitisha kuwa hana kizuizi cha ndoa.

Hatua ya 3: Hati ya kufungia ndoa. Msajili huiandaa, na mmoja wenu huichukua mwenyewe, kwa kawaida katika siku 7 za mwisho. Hampi kaka wala mpambe. Imeandikwa tarehe na mahali, na mfungishaji hana ruhusa ya kubadilisha. Mkihofia mvua (na mwihofie), tafuteni pa kujikinga katika eneo lilelile na mwulizeni msajili mapema aandike mahali vipi.

Hatua ya 4: Viapo. Sheria inadai jambo moja tu: mbele ya mfungishaji na mashahidi wawili wa miaka 16 au zaidi, kila mmoja atamke kuwa anamkubali mwenzake, kisha mfungishaji atangaze kuwa mmeoana. Inatosha kusema, “Mimi, (jina kamili), nakukubali wewe, (jina kamili), uwe mume wangu.” Maneno hayo msiyapambe wala kuyaficha katikati ya shairi.

Mengine ni yenu. Maneno 120 hadi 150 kwa kila mmoja ni kama dakika moja na nusu. Ahidi kitu kinachoweza kutendwa: “Ukiugua nitaamka usiku” ina uzito kuliko “sitakuudhi kamwe”, ambayo wiki haiishi imeshavunjika. Kama mnataka kushtukizana, mpeni mfungishaji rasimu zote mbili alinganishe urefu. Mmoja akisoma mistari mitatu na mwenzake kurasa mbili, yule wa kwanza huumia mbele za watu. Andikeni kwenye kadi ngumu kwa herufi kubwa. Simu juani haisomeki.

Hatua ya 5: Kufungana mikono. Ni desturi ya Scotland inayopokea kanga vizuri mno. Kata pindo la urefu wote, takriban mita 1.5, likunje hadi upana wa sentimita 5. Fua kanga kwanza: mpya ina wanga, huteleza na fundo halikazi. Lizungusheni mara moja juu ya mikono iliyoshikana, kila mmoja ashike ncha ya upande wa mwenzake, kisha mvute mikono nje polepole. Fundo hujifunga lenyewe. Chagueni jina la kanga kwa makini, shangazi watalisoma.

Maswali ya wanachama

*Mama yangu ni mtu wa sala. Itakuwaje?*
Mfungishaji wa kihumanisti haongozi sala, dada. Wengi hukubali dakika ya ukimya ambayo kila mtu huitumia atakavyo. Mama aombewe nafasi ya kutoa baraka zake kwenye karamu, na aambiwe mapema.

*Mjomba atatafsiri Kiswahili. Awe shahidi pia?*
Hapana. Mkalimani hawezi kuwa shahidi wa ndoa hiyohiyo. Tafuteni wa pili.

*Niko Nairobi, inawezekana hapa?*
Sherehe ndiyo, lakini sheria ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu tu. Fungeni kwanza ya kiserikali kwa msajili, kwa ilani ya siku 21 na mashahidi wawili, kisha mfanye sherehe yenu.

*Hati ikisahaulika hotelini?*
Ndoa haifungwi mpaka ifike. Mkabidhini mfungishaji siku ya mazoezi kama mnayo. Baada ya kutiwa saini, irudi kwa msajili ndani ya siku 3. Mtajeni kwa jina mtu wa kuipeleka, kwa sababu ninyi mtakuwa mmeshaondoka fungateni.